Vilima vitatu, pointi tatu: msimu wa MTN-Qhubeka wa 2015

Tarehe 9 Julai 2015, katika barabara ya pwani inayotoka Abbeville kwenda Le Havre, Daniel Teklehaimanot, mzaliwa wa Debarwa nchini Eritrea, alijikusanyia pointi tatu. Kilima cha Dieppe, pointi moja. Kilima cha Pourville-sur-Mer, moja. Kilima cha Le Tilleul, moja. Vyote vitatu ni vya daraja la nne, daraja la chini kabisa katika Tour de France, vilima ambavyo ukivipanda kwa gari huenda usivitambue. Pointi hizo tatu zilitosha kumvisha jezi nyeupe yenye madoa mekundu, ile ya mfalme wa milima, na hakuna Mwafrika aliyewahi kuivaa kabla yake.

Siku ile imeandikwa sana, na mara nyingi inaandikwa kama muujiza: kijana kutoka nchi maskini, moyo wa simba, ndoto imetimia. Mimi naamini simulizi ya namna hiyo inamnyang'anya Teklehaimanot na wenzake kitu cha thamani zaidi, yaani kazi yao. Jezi ile ilipigiwa hesabu. Ilipangwa na timu iliyoalikwa kwa mara ya kwanza, timu iliyojua vizuri kwamba haiwezi kushindana na matajiri kwenye Alps, ikatafuta mahali ambapo mlango uko wazi.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Wiki ya kwanza ya Tour ya mwaka ule haikuwa na milima mirefu. Joaquim Rodríguez alikuwa akiongoza milima kwa pointi chache tu alizozipata kwenye kilima cha Mur de Huy, na yeye akili yake ilikuwa kwenye mambo makubwa zaidi. Mtu akichomoka mapema siku ya sita, akavipata vilima vyote vitatu, jezi ni yake. Teklehaimanot hakuwa mgeni wa kazi hiyo: mwezi mmoja kabla, katika Critérium du Dauphiné, mbio ambazo wakubwa huzitumia kujipima kabla ya Tour, alishinda jezi ya milima kwa kuchomoka siku baada ya siku. Kwa hiyo asubuhi ile alitoka na Mfaransa Perrig Quéméneur na Mbelgiji Kenneth Vanbilsen, watu watatu mbele ya kundi zima, upepo wa bahari ukiwapiga ubavuni. Kila kilima kilipokaribia alisubiri, akawaacha wenzake waoneshe wanachotaka, kisha akainuka kwenye tandiko na kupita. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kesho yake, kwenye njia ya kwenda Fougères, alichomoka tena akachukua pointi ya kilima pekee cha siku hiyo, Canapville. Mtu wa kubahatisha harudi kesho yake kuongeza akiba.

Ulimwengu ulikuwa na habari nyingine jioni ya Le Havre. Tony Martin, aliyekuwa na jezi ya njano ya kiongozi wa mbio, alianguka karibu na mwisho, akavunjika mtulinga na kuiaga Tour. Lakini Asmara walijua wanachokitazama.

Timu hiyo, MTN-Qhubeka, ilikuwa ya Afrika Kusini, ikiongozwa na Douglas Ryder, mwendeshaji wa zamani aliyeshiriki Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Wasomaji wangu wa Uganda na Rwanda hawahitaji kuelezwa MTN ni nani. Nembo ile ya njano wanaiona kila kona, kwenye vibanda vya kutuma pesa kwa simu. Qhubeka nalo ni shirika la hisani la Afrika Kusini linalotoa baiskeli kwa wanafunzi na wafanyakazi wanaotembea masafa marefu. Muungano wa kampuni ya simu na shirika la baiskeli za kwenda shule ndio uliokuwa kifuani mwa waendeshaji, kwenye jezi nyeusi na nyeupe.

Hawakutokea hewani. Mwaka 2013, mwaka wao wa kwanza katika daraja la pili la timu za kulipwa, waliingia Milano–Sanremo kwa mwaliko. Theluji ilianguka siku ile hadi waandaaji wakasimamisha mbio, wakawapakia waendeshaji kwenye mabasi kuvuka mlima wa Turchino, kisha wakawaachia upande wa pili. Mjerumani wa timu hii, Gerald Ciolek, akamshinda Peter Sagan kwenye mstari. Timu iliyosajiliwa Afrika imeshinda moja ya mbio tano kongwe na zenye heshima kubwa kuliko zote za siku moja. Mwaka 2014 wakaenda Vuelta a España, mbio zao za kwanza za wiki tatu. Januari 2015 ndipo mwaliko wa Tour ukatangazwa. Timu 17 za daraja la juu zilikuwa na nafasi kwa haki. 5 zilialikwa, na MTN-Qhubeka ikawa mojawapo.

Neno "kualikwa" ndilo linaloendesha maisha ya timu ya aina hii. Kila mbio kubwa unayoitaka, unaomba. Mdhamini hajui mwezi wa kumi na mbili kama jina lake litaonekana Ufaransa mwezi wa saba. Kwa hiyo msimu lazima uanze kwa kelele, na wao walianza hivyo. Mwisho wa Januari, Mallorca, Mwingereza Steve Cummings alimshinda Alejandro Valverde kwenye kilele. Februari Louis Meintjes akawa bingwa wa Afrika, Machi akashinda mbio za hatua za Coppi e Bartali nchini Italia. Mtu mdogo wa umbo, mkimya, mpandaji wa milima.

Hapa kuna swali ambalo nimelisikia mara nyingi na sitaki kulikwepa. Timu ya Afrika yenye Ciolek Mjerumani, Cummings Mwingereza, Edvald Boasson Hagen wa Norway, Tyler Farrar Mmarekani, Serge Pauwels Mbelgiji: Uafrika wake uko wapi? Jibu langu ni kwamba mbio za baiskeli za barabarani hazifundishwi darasani. Kukaa kwenye kundi la watu karibu 200 wanaoenda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, bega kwa bega, ukijua lini usogee mbele kabla upepo haujageuka, lini ule, lini umwache mtu aende, ni ufundi anaoupata mtu kwa kukaa pembeni ya aliyekwisha kuupata. Ryder aliwaajiri wakongwe ili vijana wawe na wa kumfuata. Kati ya 9 waliokwenda Utrecht, Uholanzi, Tour ilikoanzia, 5 walikuwa Waafrika: Teklehaimanot, Merhawi Kudus, Meintjes, na Waafrika Kusini wawili wenye jina moja la ukoo, Reinardt na Jacques Janse van Rensburg.

Kinachosahaulika ni maisha ya katikati. Makao ya timu barani Ulaya yalikuwa Lucca, mji wa Toscana. Hapo ndipo kijana wa Asmara alipoishi akisubiri mbio, mbali na mama yake, mbali na injera, akihesabu siku za viza. Pasipoti ya Eritrea si pasipoti ya kusafiria kirahisi, na mwendeshaji ambaye hajapata muhuri kwa wakati hukosa mbio, akikosa mbio hukosa makali, akikosa makali hapangwi. Mwenzake Mhispania anaamka asubuhi na kwenda. Teklehaimanot mwenyewe alikuwa amepita kwenye mengi zaidi ya hayo: akiwa kijana katika kituo cha mafunzo cha UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, pale Aigle, Uswisi, aligundulika na tatizo la mapigo ya moyo na kufanyiwa upasuaji. Alirudi kwenye baiskeli, na mwaka 2012 alimaliza Vuelta akiwa na timu ya Australia.

Tarehe 4 Julai, Utrecht, mbio fupi ya kila mtu na saa yake. Mtu wa kwanza kabisa kushuka kwenye jukwaa la kuanzia alikuwa Teklehaimanot. Tour nzima ya 2015 ilifunguliwa na Mweritrea. Kudus naye alikuwepo, miaka 21, kijana kuliko wote katika mbio zile.

Nairobi wakati huo macho yetu yalikuwa kwa Chris Froome. Mtoto aliyezaliwa hapa, aliyejifunza kupanda baiskeli na David Kinjah na vijana wake kule Kikuyu, aliyevaa rangi za Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006 kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza. Hatua za Tour humalizika yapata saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa zetu, wakati mzuri kwa mtu aliyetoka kazini, na nilikuwa nikiketi kumtazama Froome. Baada ya Le Havre nikawa natafuta kwanza yale madoa mekundu kwenye kundi. Teklehaimanot aliyavaa barabarani siku nne. Tarehe 14 Julai, mlima wa kwanza wa kweli, La Pierre-Saint-Martin kwenye Pyrenees, Froome aliwaacha wote na jezi ile ikaondoka kwa Mweritrea ikaenda kwa mzaliwa wa Nairobi. Kilele kimoja cha daraja la juu hutoa pointi zinazofuta kazi ya wiki nzima ya vilima vidogo. Hata timu walijua siku hiyo itafika. Mimi, ambaye nilipaswa kushangilia, nilijikuta naumia.

Wiki zile zile, katika Tour ya Austria, Mweritrea mwingine wa timu hii, Natnael Berhane, alitukanwa kwa rangi yake na mwendeshaji wa timu nyingine katikati ya mbio. Ryder hakulifunika jambo hilo. Lililetwa hadharani, yule mtu akaomba radhi na kukubali kutoa mshahara wake wa mwezi mmoja kwa Qhubeka, ununue baiskeli. Nalitaja kwa sababu liko ndani ya msimu uleule, Julai ileile ya sherehe, na atakayeandika historia ya jezi ya madoa bila kuandika Austria ataandika nusu.

Halafu Mende.

Tarehe 18 Julai ni siku ya kuzaliwa ya Nelson Mandela, na Umoja wa Mataifa umeifanya siku ya kimataifa. Hatua ya 14 ilitoka Rodez hadi uwanja mdogo wa ndege juu ya mji wa Mende, kilomita 178.5. Kabla ya kufika uwanjani kuna mlima wa Croix-Neuve, kilomita tatu tu, lakini mwinuko wake unapita asilimia kumi. Kundi kubwa lilikuwa limechomoka tangu mapema na kuachiwa liende, na ndani yake alikuwa Cummings, miaka 34. Mlima ulipoanza, wapandaji halisi wakaondoka: Thibaut Pinot na Romain Bardet, Wafaransa wawili, matumaini ya nchi nzima, nchi yao ikiwa na kiu ya kushinda. Cummings aliachwa. Hakuhangaika kuwafuata. Alipanda kwa mwendo wake, uleule chini, uleule katikati, uleule juu, huku wengine wakishtuka na kukatika.

Kutoka kilele hadi mstari ni kama kilomita moja na nusu, na hapo ndipo hesabu yake ilipokuwa. Cummings alilelewa kwenye uwanja wa mbao wa mbio za baiskeli: medali ya fedha ya Olimpiki ya Athens 2004 katika mbio za timu, bingwa wa dunia 2005. Tambarare fupi ya mwendo wa kasi ndiyo nyumbani kwake. Pinot na Bardet juu ya kilele walianza kuangaliana, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie ili amfuate, kosa la kale la wawili wanaoogopana. Wakati wanaangaliana, mtu wa tatu akapita. Hakupunguza. Kona ya kuingia uwanjani waliikaribia wote. Wafaransa wakagusa breki, yeye akaikata bila kugusa. Itazame tena picha ile kama unaweza kuipata: pengo linafunguka kwenye kona, urefu wa baiskeli mbili, kisha nne, na tangu hapo hakuna wa kuliziba. Sekunde mbili zikamtosha.

Timu ya Afrika imeshinda hatua ya Tour de France katika Siku ya Mandela. Niliruka juu, sioni haya kulisema. Na hapa tena nasisitiza: tarehe waliyoishinda ni zawadi, lakini ile kona ilikuwa ya mtu aliyeisoma. Hiyo ndiyo timu niliyoipenda, timu iliyokuwa na akili kuliko pesa.

Sehemu iliyobaki ya msimu naipitia kwa haraka. Meintjes aliugua wiki ya mwisho ya Tour akarudi nyumbani; Pauwels alimaliza wa 13; Teklehaimanot na Kudus wote wawili walifika Paris. Kwenye Vuelta, Mwitaliano Kristian Sbaragli alishinda hatua ya Castellón, na Meintjes, akiwa amepona, akamaliza wa kumi kwa jumla, jambo ambalo kwangu mimi kimichezo ni kubwa kuliko hata Mende, kwa sababu wiki tatu hazidanganyi. Septemba Boasson Hagen akashinda Tour of Britain. Timu ya daraja la pili.

Na baiskeli zikaendelea kutolewa. Buffalo, ndivyo zinavyoitwa, ni baiskeli nzito za chuma, kariya imara nyuma, breki ya kurudisha pedeli nyuma, zimeundwa kwa barabara ya vumbi na mzigo. Waliosafiri magharibi mwa Kenya wamewaona wasichana wa shule wakizipanda. Watu wengine huziita mapambo ya udhamini. Lakini msichana anayetembea kilomita nyingi kwenda shule na kurudi na kuteka maji bado, akipewa baiskeli amepewa saa mbili za siku yake. Timu ilipopanda jukwaani Mende, jina lililosomeka ni la shirika linalofanya hivyo. Sijui udhamini mwingine kwenye mchezo huu ambao ningeupigania vile.

Baada ya msimu ule bora kuliko yote, MTN wakaondoka. Mtu wa mpira hawezi kulielewa hili kwa urahisi. Timu ya baiskeli haina uwanja, haiuzi tiketi kwa sababu barabara ni ya wote, na pesa za televisheni hubaki kwa waandaaji wa mbio. Inaishi kwa mdhamini, na mdhamini akiondoka hata jina la timu linaondoka naye. Mwaka 2016 ikawa Dimension Data, ikapanda daraja la juu, ikamsajili Mark Cavendish aliyeshinda hatua nne za Tour mwaka huohuo. Kwa nje ilionekana kukua. Lakini daraja la juu linadai pointi za nafasi kila wiki, na meneja mwenye hofu ya pointi humpanga anayezileta leo, si kijana wa kukuzwa. Waafrika weusi kwenye kikosi chake cha Tour wakapungua. Hilo lilinikatisha tamaa, na bado nadhani lilikuwa gharama kubwa mno. Ikabadili majina tena, ikafika 2021 ikiwa Qhubeka, ikashinda hatua tatu za Giro d'Italia mwaka huo, na bado ikakosa mdhamini na kufungwa. Hatua tatu za Giro, na hakuna wa kulipa mishahara! Tangu hapo hakuna timu iliyosajiliwa Afrika iliyosimama kwenye mstari wa kuanzia Tour. Biniam Girmay alipokuja kushinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani, ile ya pointi, mwaka 2024, alikuwa na timu ya Ubelgiji.

Ninaporudi kwenye orodha ya waendeshaji wa 2015 huwa naitazama kwa jicho la mtu wa hapa. Waeritrea watatu. Mwalgeria, Youcef Reguigui. Mnyarwanda, Adrien Niyonshuti, aliyenusurika mauaji ya kimbari ya 1994 akiwa mtoto na kubeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London. Mkenya hakuna. Mtanzania hakuna. Tuna milima, tuna mwinuko wa Iten ambao wakimbiaji wa dunia nzima wanaufuata, tuna vijana wanaopakia magunia ya mkaa kwenye baiskeli na kupanda nayo mlima. Eritrea wana kitu tusichokuwa nacho: vilabu, madaraja ya ushindani, mbio za mara kwa mara katikati ya Asmara, na umati unaotoka kanisani kuja kuzitazama. Mchezo uliletwa na Waitaliano waliowazuia wenyeji kushindana nao, hadi 1939 walipowaruhusu kwenye mbio moja, na Ghebremariam Ghebru akawashinda. Tangu hapo baba anamrithisha mwana. Teklehaimanot alipofika Aigle alikuwa tayari amepita kwenye mikono mingi.

Wanyarwanda wamelielewa hilo. Tour du Rwanda imo kwenye kalenda ya kimataifa tangu 2009, mwaka hadi mwaka, na ilikuwa sehemu ya sababu ya Kigali kupewa Mashindano ya Dunia ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Anayetaka kumjua Teklehaimanot wa kesho asingoje Julai na Ufaransa. Aende Februari, Tour du Rwanda inapokuwa barabarani, asimame kwenye mlima wowote wa kuelekea Musanze. Mwaka 2010 aliyeshinda mbio hizo alikuwa Mweritrea wa miaka 22, na jina lake lilikuwa Daniel Teklehaimanot.